Aliyeitika Mara ya Kwanza

Shantipur
9 Juni 2017

Mwanangu,

Pokea baraka zangu, na mkono wangu kichwani pako hata kama kichwa chenyewe kiko mbali. Mimi nipo. Magoti yananisumbua, na masikio ndiyo usiseme; simu uliyoninunulia imelala kabatini ndani ya kasha lake, maana kila nikiiweka sikioni nasikia mvumo wa nyuki tu. Kwa hiyo utaendelea kuvumilia mwandiko wangu. Mvua bado. Mfenesi umezaa mpaka aibu, nimegawa mafenesi mtaa mzima, na sasa wakiniona nakuja na kapu wanafunga milango. Uzi nauzungusha kama kawaida, na mfumi analalamika kama kawaida kwamba nimeulegeza.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu, na usicheke. Wiki tatu hizi, kila siku adhuhuri, watu wakishakula na kulala, kuna mtu anaita bwawani nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye ngazi za bwawa, mikono imo majini. Anaita jina lako la zamani, lile tulilokupa ukiwa mchanga, ambalo uliniomba nisiliandike tena. Siliandiki. Anaita mara mbili, halafu kimya. Mimi ambaye muuza samaki hupiga mlango kwa mguu ndipo nimsikie, sauti hii naisikia sawasawa. Ni ya mama yako.

Unajua tulivyokulea. Wa ng'ambo ile huita mara mbili tu. Aliye hai ataita na ya tatu. Anayeitika kabla ya hiyo ya tatu huondoka na aliyemwita. Ndiyo maana katika nyumba hii hakuna mtoto aliyewahi kuitika upesi, na walimu wakatuona mabubu.

Mama yako, dada yangu Bela, alikufa na miaka arobaini na mitatu, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Mama yetu alitangulia kwa tumbo hilohilo. Wewe Februari ijayo unatimiza arobaini na mitatu. Najua utaniambia wewe ni mwanamume. Miaka kumi na minne tangu utoke hapa, nywele zako ulizozikata zimo ndani ya mfuko wa plastiki, sijabishana nawe hata siku moja. Ila naogopa, na sijui nimwambie nani. Nijibu hili tu: u mzima?

Mama yako mdogo,
Niharbala


Dum Dum
2 Julai 2017

Mama Mdogo, shikamoo,

Nashika miguu yako yote miwili, na ule wenye goti baya zaidi naushika polepole. Barua yako ilichelewa kwa sababu juu ya bahasha umeandika "Mwanangu" na namba ya nyumba basi. Mwenye nyumba wangu ana watoto wa kiume watano. Wameigombania siku mbili, wa tatu akaisoma, akaniletea akisema, "Kaka Hirak, hii ya mizimu lazima ni yako."

Mimi ni mzima kama mota mpya. Kazi ipo tele. Joto likizidi feni zote za Kolkata huungua siku moja, na sisi tunazungusha waya wa shaba mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Montu, mwenzangu wa karakana, anakusalimu. Anataka achari yako ya embe, na anasema usipomletea atakuja kuposa.

Huyo wa bwawani mwache aite. Anamwita msichana aliyekwisha kuhama. Nina ndevu ambazo Montu anazionea wivu. Kifua nilishafanyiwa upasuaji. Sindano ya homoni nachomwa kila baada ya wiki tatu, na mambo ya kila mwezi yalikatika mwaka ule wa kwanza. Ugonjwa wa Mama ulikuwa wa wanawake, Mama Mdogo. Jina langu halimo kwenye orodha yake.

Nina swali moja, la udadisi tu. Mama alianzaje? Kabla hajalala kitandani, aliona nini? Nilikuwa chuoni Krishnanagar, nikirudi Jumapili, na kila Jumapili mliniambia amechoka.

Mwanao,
Hirak


Shantipur
24 Julai 2017

Mwanangu,

Baraka zako zote ziko palepale, hazijapungua. Mvua imekuja na hasira. Maboga yameoza, paa la jikoni linavuja juu ya meko hasa, kana kwamba limepima. Mwambie huyo Montu achari nitamtumia, ila mimi ni mjane wa miaka sitini na mmoja na nimeshaonja ndoa, inatosha.

Umeuliza kuhusu mama yako. Tumbo. Lilimuuma tumbo. Hayo ya kale tuyaache.

Ile sauti haikai tena bwawani. Wiki iliyopita ilikuwa kwenye mpera. Jana nilikuwa nakaanga biringanya, adhuhuri, mlango wazi, ikaita nyuma ya shingo yangu. Nilisikia na pumzi. Niligeuka nikaona ua mtupu na mvua inanyesha, na kwenye sakafu ya baraza palikuwa pakavu isipokuwa mahali padogo, pa mtu mmoja kusimama. Biringanya ziliungua zote. Sikuitika, kwa niaba yako.

Na wewe hujanijibu. Umeniandikia mizaha kurasa mbili, umesema u mzima kama mota mpya. Mota mpya huungua wiki ya kwanza. Ni wewe mwenyewe uliyenifundisha hilo.

Mama yako mdogo


Dum Dum
3 Septemba 2017

Mama Mdogo, shikamoo,

Samahani kwa kukaa kimya. Kila Jumapili nilianza barua na kila Jumapili niliichana. Hapa wote wazima. Achari imefika, Montu amekula chupa nzima kwa bisi za mchele na anaharisha kwa furaha.

Mwezi wa nane tarehe nne, umeme ulikatika karakana. Unajua mota ishirini zikinyamaza kwa pamoja kunakuwaje. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Katika kimya kile mtu akaniita kwa jina lile, mara mbili, kutoka nyuma ya rundo la mapanga ya feni. Hapa hakuna anayelijua jina lile. Nilimuuliza Montu, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia nini? Njaa yako?"

Basi nikwambie. Natoka damu tangu Mei. Kidogo, halafu kidogo tena. Miaka kumi na mitatu bila kitu, kisha hii. Nilijiambia ni sindano, nikajiambia ni bawasiri, nikajiambia kila kitu. Julai nilikwenda hospitali. Dirisha la wanaume karani alicheka: "Magonjwa ya akina mama? Wewe kaka umelewa?" Dirisha la wanawake wakasema hawawezi kumwandikia mwanamume kadi. Kwa hiyo nilitoa kitambulisho changu cha zamani, nikaandikiwa kadi kwa jina lile. Daktari mama mmoja alinipima bila kunishangaa. Akachukua kinyama kidogo, akasema nirudi tarehe kumi na moja Agosti kwa majibu.

Nilirudi. Nilikaa kwenye benchi na ndevu zangu, katikati ya wanawake arobaini. Mmoja akavuta ushungi wake akasema, "Kaka, wanaume wanasubiria wake zao nje." Mwingine akamwambia, "Mwache, labda mkewe kaenda chooni." Ndipo karani akaita jina lile.

Sikuinuka. Macho yale yote, Mama Mdogo. Na kuna jingine, ambalo kwa Montu siwezi kulisema. Karani ni mwanamume mnene anayetafuna tambuu, lakini alipoita mara ya pili sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama, ile ya kuniita kula. Nikangoja ya tatu, kama mlivyonifundisha. Hakuita ya tatu. Alisukuma karatasi ya majibu yangu pembeni, akamwita mwingine. Nikatoka nje, nikapanda basi, nikarudi kazini.

Majibu yako kule mpaka leo. Sijayafuata. Usiniulize kwa nini.

Hirak


Shantipur
12 Septemba 2017

Hirak,

Sina salamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi katika ukoo huu tumeumbuliwa vya kutosha.

Uliuliza mama yako alianzaje nikakwambia tumbo. Nilikudanganya. Alianza hivyohivyo ulivyoanza wewe. Alitoka damu miezi kumi na minne. Hakutaka kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume, na hapa mjini wakati ule hakukuwa na mwingine. Mimi ndiye niliyefua vitambaa vyake, pale bwawani, adhuhuri watu wakiwa wamelala, maji yakigeuka rangi mpaka kwenye magugu. Siku moja nilisema, dada, nakwenda kumwambia mumeo. Akaushika mkono wangu akaubandika juu ya kichwa chake. Akasema, "Apa kwa kichwa changu. Ukisema, nife." Nikanyamaza ili asife. Unaona akili yangu? Nilinyamaza ili asife, na kunyamaza ndiko kulikomzika.

Nakuja Jumatatu kwa treni ya kwanza. Nisubiri kituoni na kadi mkononi. Ukinikimbia, nitasimama mlangoni pa karakana nilie kwa sauti, na unajua kiziwi hajui analia kwa sauti gani.

Niharbala


Dum Dum
29 Oktoba 2017

Mama Mdogo, shikamoo,

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu kisu cha daktari. Nimeruhusiwa kukaa. Kidonda kinakauka, nyuzi zimetolewa, Montu ananipikia uji mbaya kuliko ugonjwa. Najua sikukuu imekwisha, mungu wa kike Durga amerudi kwake, na mimi sikuja kukusujudia. Nakusujudia hapa, kwa kuinamisha kichwa tu, maana tumbo halikubali zaidi.

Nataka niliandike lile la dirishani, kwa sababu hatukulizungumza. Ulinifanya nisimame nje na wanaume. Ukakaa benchini na kadi yangu, kwa saa tatu nzima, macho kwenye midomo ya karani, ukizungusha uzi wa hewani kwa vidole kama unavyofanya. Mimi nilikuwa natazama kupitia nondo za dirisha. Karani akafungua mdomo. Jina lile halijamtoka lote, wewe ukasimama ukapiga kelele: "Nipo!"

Mara ya kwanza. Hukungoja hata ya pili. Wewe uliyenichapa kwa mwiko nikiwa na miaka sita kwa sababu niliitika upesi.

Karani akakutazama. "Mama, hapa pameandikwa umri arobaini na mbili."

"Mji huu wenu unazeesha, baba. Lete karatasi."

"Na huyu mwenye ndevu anayekuja?"

"Huyo ndiye mgonjwa. Mimi nilikuwa mdomo tu. Una swali jingine, au nikufundishe kazi?"

Wanawake walicheka benchi zima. Yule wa ushungi akanipisha nikae. Nimefikiria sana kicheko kile nikiwa wodini. Hakikuniuma hata kidogo.

Daktari alisema ni saratani, na kwamba ilikuwa bado ndani ya mfuko, haijatoboa. Alisema ningekuja mwakani angeniambia mengine. Nilimuuliza kama ni sindano zilizoniletea. Akasema, "Sindano ilikausha hedhi, haikuondoa mfuko. Kama imechangia, sijui. Watu kama wewe hawajafuatiliwa miaka mingi kwa idadi ya kutosha, na sitaki kukudanganya. Ninachokijua ni kwamba chochote kilichobaki mwilini lazima kikaguliwe, haidhuru mwenye mwili anaitwa nani." Hata kifuani, alisema, kilichoachwa na kisu kikaguliwe. Miaka kumi na minne, Mama Mdogo, hakuna aliyeniambia sentensi hiyo. Na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa kama kukubali kwamba msichana yule bado yumo.

Sasa sikiliza. Daktari aliuliza tunakufa kwa ugonjwa gani katika ukoo wetu. Nikataja bibi, nikataja Mama. Akasema huu unaweza kuwa ni wa kurithi, na akakutazama wewe. Ukaanza kumuuliza bei ya maembe Kolkata. Mwezi wa tisa, Mama Mdogo! Maembe gani?

Utapimwa lini? Na ile sauti, bado inaita?

Mwanao,
Hirak


Shantipur
24 Novemba 2017

Hirak mwanangu,

Baraka tele, na shukrani kwa waliokushona. Nilipeleka maua hekaluni, na kwa kuwa sikujua ni mungu yupi anahusika na mambo yako, nilipeleka kwa wote. Hapa baridi imeanza. Utomvu wa mtende umekwisha kuanza kugemwa, sukari guru mpya nitakuwekea. Mfumi ameoza binti yake. Harusi ilikuwa nzuri, samaki wachache. Yule mbuzi wa jirani amekula blanketi langu, nusu. Paa la jikoni limezibwa. Mpera umekatwa, ulikuwa umekauka.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza nina kazi nyingi mpaka baada ya mavuno.

La pili, hapana, jina lako haliitwi tena. Tangu nirudi kutoka kwako halijaitwa hata mara moja. Adhuhuri sasa inaita "Tuni". Mtu pekee aliyeniita Tuni alikuwa Bela, tukiwa wadogo, kabla hatujatobolewa masikio. Inaita mara mbili. Haiko nje tena. Iko chumbani, upande wa kitanda ninakolala.

Usihangaike. Siitiki. Kula vizuri.

Mama yako mdogo


Dum Dum
1 Desemba 2017

Mama Mdogo,

Barua yako nimeisoma nimesimama na bado nimesimama. Najua ulichofanya. Uliitika mara ya kwanza kwa jina langu ili liniache mimi likushike wewe. Umeniua kwa wema. Nililala kitandani pale wodini nikimshukuru Mungu, kumbe mtu alikuwa amelipa kwa kichwa chake.

Mimi siamini mambo haya. Ndivyo ninavyomwambia Montu. Lakini usiku silali na mchana sithubutu kunyamaza.

Niambie ukweli mmoja tu, usiniletee habari za mbuzi. Una nini?

Hirak


Shantipur
9 Desemba 2017

Hirak mwanangu,

Acha kulia kwamba umeniua. Hukuniambukiza kitu, wala sikukubebea kitu.

Natoka damu tangu Aprili. Siku zangu zilikoma nikiwa na hamsini na moja. Zimerudi nikiwa mzee, bila aibu. Ilikuwa kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza. Hukujiuliza, kijana mwenye akili, kwamba ajuza mwenye magoti mabovu alikuwa anafanya nini ngazini pa bwawa kila adhuhuri watu wamelala? Nilikuwa nafua. Jiwe lilelile, saa ileile, vitambaa vyangu safari hii. Nikiwa nimeinama hivyo ndipo nikamsikia, na kwa kuwa aliita jina lako, niliogopa kwa ajili yako. Kwa ajili yangu sikuogopa. Nilisema moyoni, mimi nimeshaishi. Nafikiri Bela alijua hilo. Angeniita mimi tangu mwanzo nisingenyanyua hata kichwa.

Siku ile dirishani niliitika kwa sababu nilijiona nimekwisha kuitwa, sasa ya kwanza na ya tatu zina tofauti gani. Daktari aliponitazama nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, yakatoka maembe. Nimelichukia neno maembe tangu siku hiyo.

Nilikufokea wewe kwa kuficha, barua nzima, na nilipomaliza kuiandika nilishuka bwawani kufua. Naona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Hakuna aliyeniapisha mara hii. Nilijinyamazisha mwenyewe, kwa mazoea.

Jana imetoka nyingi, na mgongo unauma mpaka pajani. Nataka kuishi, Hirak. Sikujua kama nataka, mpaka nilipokuona umelala kitandani unagombana na Montu kuhusu chumvi.

Njoo unichukue kwa treni ya asubuhi. Mwambie yule daktari mama ninakuja, na umwambie kabla sijafika, ili nisipate nafasi ya kumwuliza bei ya kitu. Mzigo nimefunga. Usije Alhamisi, siku hiyo mfumi huja kuchukua uzi.

Hapana. Njoo hata Alhamisi.

Niharbala